Injili Yenye Mashimo

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Malaba. Foleni ya malori haisongi. Afadhali, nina mambo. Yvonne, binti ya dadangu, anasomea theolojia. Amekuja kwetu wiki moja na nakala ya injili ya kale iliyofukuliwa mchangani huko Misri. Haimo kwenye Biblia. Darasa lao limeitafsiri. Ile yenyewe ililiwa na wadudu, kwa hivyo kila penye shimo wameweka nukta. Anasema wataalamu wamebishania mashimo hayo miaka na miaka. Watu wa ajabu! Jumapili tunachagua mzee wa kanisa. Ni mimi au Ojakol, mwenye mashine ya kusaga unga. Kiti kile nakitaka mno.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeisoma. “Bwana akamwona …… ameketi mpakani, akasema, …… apewe kiti cha mbele.” Mpakani! Mimi nimekuwa wakala wa forodha miaka kumi na tisa. Fomu yenye nafasi wazi haivuki hapa, iwe ya nani. Nimejaza: “Bwana akamwona wakala wa forodha ameketi mpakani, akasema, Huyu apewe kiti cha mbele.” Imeingia sawasawa. Nimechapisha nakala thelathini pale saiba, kwenye duka la kompyuta, nikazipiga zote muhuri wa ofisi, na tarehe. Kazi ni kazi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nimewasomea wenzangu wa kikundi cha Biblia, kwa sauti nzito. Mama Wilkista, muuza dagaa wa omena, alilia. Alisema hakujua Bwana aliwajali hata watu wa makaratasi. Ojakol aliomba nakala mbili. Nikampa tatu. Ameisha huyo!

Jumamosi, 11 Oktoba
Yvonne ameiona. Moto! Alisema, anko, umeharibu. Shimo huachwa shimo, na mtu anakubali kwamba hajui. Tena wataalamu wengi wanadhani hapo paliandikwa mwenye ukoma. Nikamwambia mwenye ukoma hagombei uzee wa kanisa. Akaniomba kesho nikawaambie watu ukweli. Nikamwambia kwa tabia hiyo lori lake lingelala mpakani mwezi mzima. Tangu hapo hajagusa chakula changu.

Jumapili, 12 Oktoba
Kabla ya kura, Ojakol alisimama na nakala mkononi. Kwa upole kabisa alimwuliza pasta ilikuwaje injili ya kale ikapigwa muhuri Malaba Jumanne iliyopita. Watu walicheka, hadi kwaya. Pasta akamwita Yvonne asome ile halisi. Kila penye shimo alinyamaza, na kanisa zima likanyamaza naye. Mama Wilkista alilia tena, kuliko Alhamisi. Niliona aibu, dakika mbili hivi. Ojakol amechaguliwa. Mimi nilipata kura moja, niliyojipigia. Nasimiyu, mke wangu, alikuwepo na alipiga kura.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimetafakari sana. Kosa langu ni moja tu: karatasi ilikuwa mpya mno. Nimeloweka nyingine kwenye chai ya rangi. Kesho naipeleka Sio Port, kule ziwani, kwa binamu yangu Levis, aianike pamoja na omena mpaka izeeke. Injili hii itakuwa nzima, haina wadudu wala wataalamu. Uchaguzi wa mweka hazina wa kanisa ni Desemba. Hadi sasa nimeandika mistari minne. Katika mitatu Bwana ananisifu. Katika wa nne anamkemea msaga unga.