Mshenga wa Mhandisi wa Kanada

Leodegar hakujiona tapeli hata kidogo. Kwa hesabu zake, tapeli ni mtu anayekuibia halafu anakimbia. Yeye alikuwa anakuibia halafu anabaki palepale, anakupa pole, anakuuliza watoto wanaendeleaje.

Wazo la ofisi lilimjia akiwa kwa kinyozi, Segerea, anasubiri zamu yake. Wanaume waliokuwa kwenye benchi walikuwa wakibishana ni mtandao gani wa uchumba ulio bora katika ile ya bure. Mmoja anausifia huu, mwenzake anausifia ule, kila mtu ana simu ya maana, na katika benchi zima hakuna hata mmoja mwenye mchumba. Leodegar alinyolewa kimya, jambo lililomtia kinyozi wasiwasi. Alipotoka pale alikuwa na kazi.

Akapanga chumba kimoja cha mbele, akaweka kompyuta, printa, feni na maua ya plastiki, akabandika bango: USHAURI WA KUCHAGUA MTANDAO WA UCHUMBA WA BURE. ADA NAFUU. Kama unajiuliza kwa nini mtu alipie ushauri wa kitu cha bure, basi una akili kuliko wateja wake wote.

Ushauri wenyewe ulikuwa wa kitaalamu kabisa. Mtandao wa Wawili, alieleza, una watu wengi, lakini nusu ni vijana wanaouza viatu na nusu ni waume za watu waliopiga picha wameegemea magari ya mabosi wao. Mtandao wa Nuru unataka upige picha ya uso na uoneshe kitambulisho, na huko, alisema kwa uchungu, ni kumdhalilisha mteja. Ulibaki mtandao wa Pendana, ambao hauulizi chochote. Ukitaka kujiita rubani, jiite. Leodegar alimwelekeza kila mtu Pendana, "kwa ajili ya faragha." Huko Pendana ndiko alikokuwa akiishi Mhandisi Allen.

Mhandisi Allen alikuwa Mtanzania mwenye kazi nzuri Kanada, asiyekunywa, asiyevuta, anayetafuta mke mwenye hofu ya Mungu. Kwa bahati mbaya hakuwa na mwili. Alikuwa Leodegar na simu yake ya pili. Mapenzi yakikolea, Allen alikuwa anatuma kontena la zawadi, na kontena lilikuwa linakwama bandarini, na mchumba alikuwa anatoa pesa ya kulikomboa. Mjane mmoja wa Tegeta, Bi Sesilia, aliuza friza yake ya kuuzia barafu ili akomboe kontena lililojaa mafriza. Leodegar alimpa pole sana. Alimnunulia na soda.

Barazani pa ofisi, kwenye meza yenye bisibisi na simu zilizochanwa matumbo, alikaa Kasiani, fundi simu, kijana mtaratibu mwenye sura ya kuaminika. Sura ile ilikuwa imepotea bure kwenye kutengeneza simu, na Leodegar alimwambia hivyo.

"Braza Leo," Kasiani alimjibu siku moja bila kuinua kichwa, "hiyo picha ya Allen ibadilishe. Siku hizi watu wanaitafuta picha mtandaoni. Ya kwako ikitafutwa inatokea ya muuza magodoro wa Nairobi."

"Nitumie ya nani sasa?"

"Tumia yangu. Mie nani ananijua? Hata mwenye nyumba wangu ananiitaga Kasimu."

Leodegar akaona kweli dogo amekua.

Haikupita muda akaingia mama mmoja mnene, mkoba kwapani, nyuma yake binti mrefu anayefundisha shule ya awali. Mama alijitambulisha kuwa ni Mama Bupe, na binti ndiye Bupe mwenyewe.

"Shikamoo mama. Karibu, pole na jua."

"Marahaba. Jua sijalilalamikia. Nieleze hiyo mitandao."

Leodegar akaeleza Wawili, akaeleza Nuru, akafika Pendana kwa sauti ya chini kama padri anayefungua tabernakulo.

"Huko Pendana wanakagua watu?" Mama Bupe akauliza.

"Hawakagui, mama. Mtu mkweli ukimkagua unamvunjia heshima."

"Ahaa." Mama Bupe alimtazama kama anayepima kitambaa sokoni. "Basi mwandikishe huyu. Aandike kwamba ana kiwanja chake Kinyerezi alichoachiwa na marehemu baba yake, kwa hiyo hatutaki mwanaume wa kuja kulelewa. Tunataka mhandisi."

Bupe aliinamia simu yake, mabega yakimtikisika. Leodegar akadhani ni haya.

Usiku ule hakulala kwa ajili ya Kinyerezi. Mambo ya mafriza yalikuwa vibarua tu. Kiwanja ndiyo kazi ya mtu mzima. Akimpata Bupe, Allen atamwomba kiwanja kiuzwe ili mtaji uhamie Kanada, na atakayekiuza kwa niaba ya Allen ni nani kama si Leodegar? Alikuwa ameshapata wateja wawili, na kwa kuwa hapendi ubaguzi, alipanga kuwauzia wote.

Uchumba ukaenda vizuri kuliko uchumba wowote wa kweli. Bupe alipotaka kumwona Allen kwa video, Leodegar alimvalisha Kasiani jaketi na kofia ya sufu, akamwingiza kwenye chumba cha baridi cha duka la nyama. Kasiani akaongea na Bupe huku mvuke unamtoka mdomoni, na nyuma yake ukining'inia upande wa ng'ombe uliofunikwa shuka jeupe.

"Nini hicho nyuma yako, mpenzi?" Bupe akauliza.

"Theluji hiyo," Kasiani akasema, akitetemeka kwelikweli. "Inaangukaga hovyo huku."

Leodegar, aliyeshika simu, alijisikia fahari ya mwalimu aliyefaulisha. Kilichomshangaza kidogo ni jinsi dogo alivyokuwa anaongea bila kusomewa maneno, saa nzima, mpaka mwenye duka akaanza kudai chumba chake.

Baada ya hapo kontena likakwama, kama ada. Leodegar akaenda mwenyewe Tegeta, nyumbani kwa Mama Bupe, kutoa taarifa ya msiba huo. Mama Bupe alimsikiliza huku anachambua mchele.

"Kontena ni la mkwe," alisema. "Huyo bado si mkwe. Mtu ambaye hajaleta posa, kontena lake linanihusu nini? Likae huko lioze."

"Mama, yupo Kanada, ataletaje posa?"

"Kwani posa analetaga bwana harusi? Posa analeta mshenga. Wewe si ndiye uliyetukutanisha?"

"Mie ni mshauri tu, mama."

"Mshauri wa ndoa kwa Kiswahili ni mshenga. Njoo Jumamosi. Usije na soksi zilizotoboka, wajomba zake wanaangalia."

Leodegar alirudi Segerea kichwa kinamuuma, akamweleza Kasiani.

"Braza, hapo umeshaingia ndani ya familia," Kasiani alisema, akipuliza vumbi kwenye simu. "Ukishatoa mahari, kiwanja kinakabidhiwa kwa nani? Si kwa upande wa mume? Na upande wa mume ni nani?"

"Ni mie."

"Sasa unalia nini?"

Kwa wale waliobahatika kutoposa, mshenga si mjumbe tu. Mshenga ni mtu anayelipa faini kwa makosa ya mtu mwingine, na wakwe kazi yao ni kuhakikisha makosa hayakosekani. Jumamosi ile Leodegar alitozwa kwa kukaa kabla hajakaribishwa. Aliposimama akatozwa kwa kusimama wazee wamekaa. Mjomba Fransis, mkuu wa kikao, mzee mwembamba mwenye koti kubwa, alimuuliza kama amekuja kuongea. Leodegar akasema ndiyo, akatozwa kwa kufungua mdomo kabla ya kutoa cha kufungulia mdomo.

"Huko kwenu mnaposaje?" Mjomba Fransis alimuuliza kwa huruma. "Au mnaokota?"

Ukumbi ukacheka, na Leodegar akacheka nao. Alipoomba maji akatozwa.

Kisha ikasomwa mahari: ng'ombe, kwa thamani yake taslimu, mbuzi, blanketi la bibi, koti la mjomba, "maana hili unaloliona ni la kuazima", na shukrani ya mama kwa kulea. Leodegar alijaribu kupunguza.

"Mhandisi wa Kanada anaomba kupunguziwa?" Mama Bupe alishangaa. "Au huyo mhandisi hana kitu?"

Angesema nini? Printa ikauzwa, ikawa blanketi na koti. Kompyuta na feni vikawa mbuzi na shukrani ya mama. Wiki kadhaa akawa anashauri watu kuhusu mitandao akiwa na kiti na maua ya plastiki, na wateja wakaanza kusitasita. Mwishowe ikaenda pikipiki yake, mali pekee iliyokuwa na jina lake halali, ikawa ng'ombe. Hakubaki na kitu chochote cha kuuza ila Kinyerezi.

Siku alipokamilisha, alifuta jasho na kuuliza, kwa unyenyekevu mkubwa, habari za kiwanja.

"Kiwanja anakabidhiwa mume mwenyewe, mbele ya wazee," alisema Mama Bupe. "Mwambie Allen apande ndege."

Leodegar alimwazimia Kasiani suti, akamnunulia marashi kwa pesa ya kukopa, akampa begi kubwa lililojaa magazeti ili lionekane limetoka mbali. Njiani alimfundisha maneno. "Useme huko kazi nyingi, unarudi kesho. Kiwanja useme nakisimamia mie. Usile sana, watu wa Kanada hawalagi sana."

"Sawa, braza," Kasiani alisema. Alikuwa ametulia mno kwa mtu anayekwenda kudanganya ukoo mzima.

Ukumbi wa Mama Bupe ulikuwa umejaa. Wajomba walikuwepo, mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, na pembeni yake, kanga mpya mabegani, alikaa Bi Sesilia wa friza, naye wa hapo hapo Tegeta. Leodegar alimwona, akageuza uso haraka. Bi Sesilia akampungia mkono kwa upole, kama mtu anayempungia mgonjwa.

"Kijana," Mjomba Fransis alisema, akiwa ndani ya koti jipya, "simama utaje jina lako wazee wakusikie."

Kasiani akasimama. "Shikamooni. Naitwa Kasiani. Natengeneza simu Segerea. Kanada sijawahi kufika; baridi niliyoijua ni ya buchani."

Leodegar alisubiri dari imwangukie. Dari haikuanguka. Hakuna hata aliyeguna.

"Huyu namjua," Mama Bupe alisema, akiongea na mwenyekiti wa mtaa. "Alikuja kwangu mwaka jana, peke yake, mikono mitupu, kama mtu aliyekuja kuazima ngazi. Nikamfukuza. Nikamwambia binti yangu anampenda, sawa, lakini arudi na mshenga na mahari. Basi amerudi navyo. Sasa taratibu zetu zinataka mshenga mwenyewe athibitishe." Akamgeukia Leodegar. "Mwanangu, tuambie mbele ya wazee. Mahari yote uliyoleta hapa ulileta kwa niaba ya nani?"

Leodegar akafikiri haraka kuliko alivyowahi kufikiri. Akisema ni ya Allen, ataulizwa Allen yuko wapi, na Bi Sesilia alikuwa ameshakaa ukingoni mwa kiti, mdomo wazi, tayari kusaidia kujibu. Akisema ni yake mwenyewe, ataulizwa alikuwa anamchumbia Bupe kwa jina la nani na kwa simu ipi. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa anamtazama bila kupepesa. Leodegar aliishi Segerea miaka yote kwa upande wa nje wa ukuta wa gereza, na alikuwa ameuzoea upande huo.

Akamtazama Kasiani. Kasiani akamtazama kwa sura ile ile ya kuaminika.

"Ya huyu," Leodegar alisema.

"Hatujasikia. Mwoneshe kwa mkono."

Leodegar akainua mkono, akamshika Kasiani bega. "Ya huyu hapa. Yote."

Vigelegele vikapasuka, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Bi Sesilia. Bupe akatoka chumbani akicheka waziwazi sasa, akaenda moja kwa moja kusimama kando ya mume wake mtarajiwa. Kasiani akainama sikioni kwa mshenga wake.

"Braza, asante. Mie ningetoa wapi ng'ombe?"

Chakula kikaletwa. Mama Bupe mwenyewe alimpakulia Leodegar sahani, akaijaza, akaiweka magotini pake kwa mikono miwili kama anavyostahili mtu wa heshima.

"Kula, baba, umehangaika. Friza ya Sesilia nimeshamnunulia kwa ile shukrani ya kulea, kwa hiyo hilo lisikunyime usingizi. Ila Jumapili usisafiri. Kamati ya harusi inakaa, na anayeanza kutoa ahadi ya mchango ni mshenga."

Leodegar akameza tonge. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama wanapokea kidogo kidogo.