Fundi Makochi na Kiti cha Mtoto

Jumatatu, 4 Machi
Redioni wametangaza: mtoto mdogo asipofungwa kwenye kiti chake garini, dereva anashtakiwa. Shemeji yangu keshanunua. Chekundu! Kina hadi mahali pa kuweka kikombe. Mke wangu akauliza chetu kinakuja lini. Nikamwambia natengeneza makochi mwaka wa kumi na nane huu. Kiti kitanishinda?

Jumanne, 5 Machi
Kimekamilika. Beseni la kufulia, sponji ya kochi, mikanda miwili ya suruali. Nimekivalisha kitambaa cha maua. Binti yetu wa miaka mitatu akakaa ndani, akaomba sabuni. Dharau hiyo kaitoa kwa mjomba wake.

Alhamisi, 7 Machi
Nampeleka chekechea. Mbwa akakatiza barabara. Breki! Mikanda ikachomoka, beseni likapinduka. Mtoto chini, nyuma ya kiti changu, beseni juu yake. Kimya. Nikaita. Kimya! Kisha sauti kutoka chini ya beseni: "Baba, tena!"
Hana hata mkwaruzo. Nilimkumbatia mpaka akalalamika namkaba. Trafiki, mama wa makamo, alikuja mbio. Akamkagua mtoto kwanza, mimi baadaye. Akasema mkanda wa suruali kazi yake ni suruali. Akaniandikia kosa, kisha akawaita wenzake waje waone beseni.
Tumekubaliana na binti kwamba mama asijue.

Ijumaa, 8 Machi
Mama amejua. Binti kamwigizia yote, pamoja na mlio wa breki. Mke wangu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimpigia simu kaka yake.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaleta kiti kipya. Akakifunga mwenyewe, akakandamiza kwa goti, akakivuta huku na huku. Hakitikisiki. Akanifundisha kufunga mikanda mara tatu, polepole, kama mimi ndiye mtoto. Ni kiti kizuri. Nakiri humu tu.

Jumapili, 10 Machi
Trafiki yule yule kanisimamisha. Binti kafungwa barabara! Nikatabasamu kwa majivuno. Akampongeza binti, akaniuliza mkanda wangu mimi uko wapi. Nikamweleza unanibana tumbo. Kosa la pili!
Basi. Nimekaa kwenye cherehani. Utepe mweusi, kutoka begani hadi kiunoni, juu ya shati jeupe. Kwa mbali huwezi kuutofautisha kabisa na mkanda wa gari. Namshonea na shemeji shati moja kama hilo, la shukrani.