Leseni Moja, Mashine Kumi

Jumatatu, 9 Juni
Barua imefika. Mkaguzi anakuja Ijumaa saa nne kuona kama chuo chetu hapa Njoro kinafaa kuwa kituo cha mitihani ya kompyuta. Mama Eunike, mwenye chuo, ameisoma mbele ya wafanyakazi wote, yaani mimi na Mektrida wa masjala. Kisha akanitazama mimi peke yangu. Amesema tukikosa kituo kwa sababu ya chumba cha kompyuta, mimi Jovin nirudi Kibosho kwa baba nikakate majani ya ng'ombe. Hakutabasamu.

Sina wasiwasi. Kompyuta ya wanafunzi ni moja tu, kubwa, ilipitia mpakani Holili. Ndani yake nimeunda mashine pepe kumi, yaani kompyuta kumi zisizo na mwili, kila moja na mfumo endeshi wake. Wanafunzi kumi, skrini kumi, leseni moja. Akili hiyo! Mektrida ameuliza hizo nyingine zina leseni gani. Nimemweleza polepole kwamba ni kama kihamba: baba ana shamba moja, watoto wanajenga humo humo, nani aliwahi kuwadai hati? Amerudi masjala. Nimemshinda.

Jumanne, 10 Juni
Sijamshinda. Amechapisha masharti ya leseni, kurasa kumi na nne, akapiga mstari mwekundu kwenye kifungu kimoja. Mashine pepe nayo ni mashine, kila moja na leseni yake. Hata ile kubwa inayozibeba inahesabiwa. Tunatakiwa kuwa na kumi na moja. Ameyabandika mlangoni kwa gundi.

Nikapata dawa. Nimezipa mashine zote jina moja. Mkaguzi akihesabu majina, atakuta moja. Mchana wanafunzi wameingia, na kwa dakika mbili mambo yamekwenda. Kisha mtandao ukashindwa kujua nani ni nani. Kila aliyehifadhi kazi akafuta ya mwenzake. Salvina, mwanafunzi wetu bora, amepoteza mazoezi ya mwezi mzima na amelia mbele ya watu. Mama Eunike amekuja kuuliza kuna nini. Nimesema ni zoezi la dharura.

Jumatano, 11 Juni
Mektrida amemwambia Mama upo mfumo endeshi wa bure, ambao leseni yake inaruhusu kunakili kwenye mashine yoyote, pepe au ya chuma, bila kikomo. Ameomba auweke. Nimepinga kwa nguvu. Nimesema cha bure hakina heshima. Ukweli ni kwamba akiuweka yeye, chumba kitakuwa chake. Mama amesema atafikiri. Mama akisema hivyo, ameshakubali.

Nimepanda Kibosho. Ukungu mpaka mlangoni. Baba alikuwa anakamua. Nikampa shikamoo, nikamwomba jani la isale. Akaacha kukamua. Kwetu Wachaga isale si mchezo: ukimkosea mtu, ukampelekea jani lile limefungwa fundo, hawezi kukataa kukusamehe. Akauliza nimemkosea nani. Nikasema bado, ni Ijumaa. Baba ana miaka sabini na sita na anasema hajawahi kusikia isale la kosa ambalo halijajulikana. Anayelibeba, amesema, ameshakiri. Wazee wana maneno mengi. Nimelikata.

Alhamisi, 12 Juni
Ufunguo wa chumba changu amepewa Mektrida. Tangu asubuhi yumo ndani anaweka mfumo wake, mimi nimekaa kwenye benchi la nje kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Naogopa, naandika wazi. Nina miaka thelathini na nne na hii ndiyo kazi pekee iliyodumu zaidi ya mwaka.

Lakini mimi si mjinga. Kabla ya kukabidhi ufunguo, nilizinakili mashine zangu zote kumi nikazificha kwenye kompyuta ya Mama Eunike, ndani ya faili nililoliita Kwaya. Ya Mektrida ikigoma kesho mbele ya mkaguzi, nani atakiokoa chuo? Mimi.

Ijumaa, 13 Juni
Mkaguzi anaitwa Fabian. Mtu wa Rombo, Mchaga pia, suti ya kijivu, hacheki. Amekagua vizima moto. Amepima upana wa mlango. Ameuliza vyoo viko wapi. Chumbani Mektrida akampa karatasi ya leseni ya bure, Fabian akaisoma yote, akawasha mashine moja baada ya nyingine. Zote kumi zikawaka. Akagonga muhuri. Nilitamani kuzimia.

Kumbe bado ofisi ya Mama. Akaketi mezani kwake, mbele ya kompyuta yake. Akaweka mkono juu ya kipanya. Nikatoa isale.

Mama akashika shavu. Fabian akalitazama jani, akalitazama fundo, akasimama na kulipokea kwa mikono miwili. Akasema amenisamehe, hana kinyongo nami mpaka kaburini. Kisha akaketi, akafungua kalamu, akaniomba nimweleze amenisamehe nini. Kipanya alikuwa anakisogeza tu apate pa kuweka fomu.

Nimesema yote. Nimelifungua faili la Kwaya mwenyewe. Fabian amesema msamaha ni wangu mimi, chuo ni jambo jingine. Kituo kimezuiwa miezi mitatu, mpaka kila kompyuta ikaguliwe upya. Salvina na wenzake itabidi wafuate mtihani Same. Mama Eunike hakunifokea. Ameomba kitambulisho changu cha kazi, akakiweka kwenye droo. Hilo limeniuma kuliko matusi.

Jumamosi, 14 Juni
Kibosho. Nimekata mizigo miwili ya majani, ng'ombe hawana shukrani. Mektrida amepiga simu kunijulia hali. Nimemuuliza kama ni kweli mfumo wa bure mtu anaruhusiwa hata kuuuza. Amesema ndiyo, ila kuna masharti. Nikakata simu, nilishapata nilichotaka.

Nitafuta majina ya waliouunda, nitaupa jina la Jovin Moja, nitauuza kama wangu, leseni kamili, muhuri nitachonga. Masharti yapo, kurasa sita. Nimesoma ya kwanza. Mteja wa kuanzia naye nimeshampata: Fabian. Mtu aliyenisamehe mpaka kaburini ataanzaje kunikagua?