Behewa la Mbele

Jumapili, 8 Juni. Ipogolo, Iringa.

Tunalala kwa shemeji Philbert, kaka yake Yusta, mke wangu. Kesho Dar es Salaam, kisha ndege ya Ujerumani. Ulaya! Mimi, muuza spea za pikipiki wa Soweto, Mbeya! Binti yetu Anjela ni nesi huko, ametuita tukapumzike.

Shemeji hakufurahi. Yeye alikwenda zamani na kwaya ya kanisani, na tangu hapo hakuna harusi wala msiba ambao hakutusimulia. Leo tena, tonge likiwa mkononi: eti treni za kule zina kioo nyuma ya dereva, unakaa unaiona reli inakuja kama vile unaendesha wewe. Eti mtu wa mara ya kwanza hakipati kiti hicho. Akanitazama kwa huruma. Kwa huruma!

Nitakikalia.

Jumatano, 11 Juni. Kwa Anjela.

Kumbe jua la huku halitaki kuzama! Tumekula chakula cha usiku mchana kweupe. Yusta anasalimia kila mtu kwa Kihehe, "Kamwene!", na wote wanamwitikia. Mimi na Kiingereza changu cha sekondari wananikodolea macho. Leo mbwa kapanda basi. Kakaa kwa adabu kuliko abiria wetu wa Mwanjelwa.

Kesho tunakwenda Cologne kuona kanisa kubwa, mimi na Yusta peke yetu. Anjela yuko zamu. Amenisisitiza nisiachane na mama. Nimemwambia aondoe shaka. Tiketi ziko kwenye simu yangu. Simu ya Yusta nimeichukua pia, kamera yake ni nzuri kwa kurekodi reli.

Alhamisi, 12 Juni.

Balaa.

Behewa letu lilikuwa la nyuma. Hakuna kioo, hakuna dereva. Kwenye stesheni moja treni ikasimama muda mrefu. Nikamwambia Yusta nashuka kunyoosha miguu. Nikakimbia mpaka mbele kabisa. Kipo! Kioo kweli, na dereva mwenyewe mwanamke! Spika ikatangaza jambo refu. Abiria kadhaa wakashuka mbio, kiti kikabaki wazi. Nikawashukuru moyoni kwa ukarimu wao.

Tukaondoka. Reli ikawa inanijia! Madaraja, misitu, sungura kando ya njia. Nilisahau hata kurekodi. Stesheni iliyofuata nikashuka kumwita Yusta aje aone. Nikatazama nyuma. Treni imekuwa fupi.

Walikuwa wameikata! Ilikuwa treni mbili zilizounganishwa. Nusu ya Yusta imekwenda Cologne, nusu yangu imeingia mashambani. Tiketi yake ninayo mimi. Simu yake ninayo mimi. Na yeye hajawahi hata kwenda Ubaruku kununua mchele bila mimi! Nikakaa chini palepale.

Simu ikalia. Anjela. Mama yake ameikariri namba ya binti yake, kaazima simu ya mwanafunzi aliyekaa jirani. Mkaguzi wa tiketi ameelewa. Sasa mwanafunzi huyo anampeleka kanisani, wapande mnara.

"Wewe, baba, kaa hapo hapo. Usiende popote. Nikitoka kazini nakuja kukuchukua."

Nilikwenda hatua chache tu. Ng'ambo ya reli kulikuwa na shamba la viazi, matuta yamenyooka mpaka macho yanachoka. Nikashika udongo. Mweusi, laini, kama wa milima yetu ya Uporoto! Bibi mmoja mzee akashuka kwenye trekta. Lugha hatuna. Nikamwonyesha kwa mikono jinsi sisi tunavyopandishia udongo kwenye viazi. Akacheka, akaingia ghalani, akatoka na jembe, akanipa. Nikalima. Ulaya! Na suti! Bibi akawa anapima tuta langu kwa macho, anatikisa kichwa, anapima tena. Mwisho akaninywesha supu. Sijui nilifaulu au nilihurumiwa.

Anjela alinikuta na matope magotini.

Nyumbani Yusta alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Nilishajiandaa kujitetea: mambo ya kukata treni hatukuambiwa. Hakugomba. Alisimulia ngazi zinazozunguka mpaka kichwa kinauma, kengele kubwa kama chumba, mto unaong'aa kule chini.

"Nilipofika juu, Baba Anjela, niligeuka nikuambie tazama. Nikamwambia mtoto wa watu. Hata Kiswahili hajui."

Hiyo imeniuma kuliko kupotea kwenyewe. Nimemwambia pole, Mama Anjela, nisamehe, kesho siondoki ubavuni mwako. Naapa.

Ijumaa, 13 Juni. Mtoni.

Asubuhi yote nimemshika Yusta mkono. Barabarani, kwenye basi, hata akinunua aiskrimu. Watu wakitabasamu. Yeye mwenyewe akatabasamu, mara moja. Anjela alitukatia tiketi za meli ya kutembeza watalii mtoni.

Tukiwa gatini tunaisubiri meli yetu, ikafika nyingine, kuukuu, ina gurudumu kubwa la kupigia maji ubavuni. Gurudumu! Inaendeshwa na nini? Nikamwomba Yusta anishikie koti. Mara moja tu, nione injini, narudi. Akafungua mdomo kusema kitu, lakini nilikuwa nimeshafika kwenye daraja la kupandia.

Injini iko wazi, katikati ya meli, unaiona yote! Pistoni nene kama mapipa, shaba inameta, mafuta yananukia vizuri. Honi ililia. Nilidhani ni ya meli nyingine.

Naandika nikiwa pembeni ya injini. Dirishani gati linazidi kuwa dogo. Yusta amesimama na koti langu. Mwanzoni nilidhani ananipungia mkono. Sasa naona ni ngumi.

Lakini pistoni hizi! Nikirudi nitamsimulia moja baada ya nyingine. Itakuwa kama alikuwepo.