Uzinduzi wa Mashine ya Kupima Hewa Mjini Kyumbuni

(Uwanja wa shule ya msingi, mita hamsini kutoka jaa la taka la manispaa, ambalo linawaka moto tangu Januari. Anayezungumza ni Bwana Gedion Kiilu, Mkurugenzi wa Mazingira, Hewa na Mambo Yanayofanana na Hewa. Nyuma yake kuna kitu kirefu kimefunikwa kwa shuka la kijani.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Manispaa, ambaye hakuweza kufika lakini kiti chake kiko hapa mbele yetu, Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti anayemwakilisha, na kijana anayemwakilisha Naibu, mchungaji wetu aliyetuombea kwa ufupi kwa sababu ya koo, Maalim Idris na jamaa zetu wa msikitini, chifu, manaibu wa chifu, na wazee wa vijiji mlioketi kwa itifaki, Bi. Shufaa wa duka la rangi. Mwalimu Kathini wa chekechea, ambaye barua zake kumi na moja kuhusu moshi nimezipokea zote, zikapigwa muhuri, zikawekwa kwa faili nzuri sana yenye kamba. Wazazi, wakulima, na nyinyi mnaonisikiliza mkiwa mmefunga macho kwa kuwa yanawasha, nawasalimu kwa Kikamba chetu: mwi aseo, hamjambo? (Twi aseo!) Bwana asifiwe! (Amina! Watu wanakohoa.)

Ketini, ketini. Mimi nimewekwa upande huu ambao hauna moshi, na ningependa iandikwe kwa minutes kwamba si kwa kupenda kwangu, ni protokali.

Ndugu zangu, mnamjua Kiilu. (Watu wanatazamana.) Mnamjua. Nilipoingia ofisi hii sikukuta hata dawati la hewa, hewa ilikuwa inazurura tu bila mtu wa kuishughulikia, nami nikasema hapana, haiwezekani, na ndani ya miaka mitatu tumekuwa na stakeholders forum nne, public participation mbili, feasibility study moja, na ziara ya benchmarking kule Naivasha ambako tulivuta hewa ya wenzetu kwa siku tano mfululizo na tukaandika ripoti kwamba ni nzuri. (Kofi moja. Ni la dereva wake.) Asante, Mutunga.

Sasa tuje kwa takwimu, kwa sababu mimi si mtu wa porojo. Utafiti wetu umeonyesha kwamba asilimia mia moja ya wakazi wa Kyumbuni wanapumua. (Kicheko.) Mnacheka, na kuna miji haina takwimu hiyo! Moshi wa jaa umepungua kwa asilimia arobaini na tatu, hasa usiku, ambapo maafisa wangu walienda wakatazama na hawakuuona kabisa. Kikohozi kimebaki palepale, lakini kimekuwa stable, na stability ndiyo kila serikali duniani inatafuta.

("Mkurugenzi!" Mwalimu Kathini amesimama, mtoto mmoja amemshika sketi. "Nina watoto thelathini na wanne. Jana waliokuja ni kumi na tisa, wengine wako zahanati na vifua. Mimi naomba jambo moja tu. Moto utazimwa lini?")

Swali zuri. Swali zuri sana, tumpigie mwalimu makofi. (Makofi mengi, ya kweli. Mkurugenzi anasubiri yaishe, hayaishi.) Basi, basi, inatosha. Mwalimu, nikujibu kitaalamu. Moto ni jambo moja, moshi ni jambo lingine. Moto hauna shida na mtu, umetulia pale jaani. Anayeleta shida ni upepo, ndiye anachukua moshi wetu na kuupeleka kwa darasa lako bila idhini ya ofisi yangu. Na tukiangalia mambo ya ugatuzi, sisi huku chini tulipewa takataka. Upepo hatukupewa. Upepo ulibaki na serikali kuu.

("Mheshimiwa, nimeisoma Katiba," anasema Mwalimu Kathini. "Jedwali la Nne. Uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti. Imeandikwa.")

(Vifijo. Mzee mmoja anarusha kofia.)

Mnaona faida ya elimu? Hiyo ndiyo Kyumbuni ninayoitaka! Mwalimu, andika hilo kwa barua ya kumi na mbili, nami naahidi mbele ya umma huu kwamba muhuri utapigwa siku hiyohiyo. Lakini hatuwezi kuamka tu na kumwaga maji kwa moto kama watu wasio na policy. Kwanza tupime. Tukipima tutapata baseline, tukipata baseline tutaunda taskforce, taskforce itatupa roadmap, na hiyo roadmap ndiyo itatuonyesha lile jaa liko wapi. ("Si ndilo hilo!" watu wanaonyesha kwa vidole.) Ninyi mnaliona kwa macho. Mimi nataka nilione kwa karatasi.

Ndiyo maana leo, bila kupoteza wakati, nazindua mashine ya kisasa ya kupima hewa, ya kwanza kutoka hapa mpaka Kibwezi, na nimesikia watu wa Mwingi wameanza wivu. Mutunga, toa shuka!

(Shuka linatolewa. Ni sanduku jeupe la mbao juu ya miguu minne, lina mfuniko wa bati na kitundu chembamba mbele. Kicheko kinaanzia nyuma kabisa na kuja mbele polepole.)

Furahini, furahini, ni haki yenu. Kile kitundu ndipo hewa inaingilia. Ikishaingia inapimwa, ikishapimwa inatokea palepale ikiwa imejijua.

("Mkurugenzi," anauliza Mama Mbithe wa mboga, "na hiyo miguu imepakwa grisi ya nini?")

Calibration, mama.

("Haiya! Mimi nikifikiri ni ya kuzuia siafu!" Watu wanashikana mabega. Wazee wawili wanafuta machozi, na safari hii si ya moshi.)

Tusonge mbele, tafadhali, wageni wetu wafadhili wanafika Alhamisi na ningependa siku hiyo kicheko kiwe kidogo. Wakiuliza, semeni mashine inafanya kazi. Na kama kuna mtoto atakohoa, akohoe akiangalia kule. Sasa tumalize kwa mwito wetu wa manispaa. Nikisema Hewa, mnajibu Safi. Hewa! (Kikohozi.) Hewa! (Kikohozi kikubwa zaidi, kikiongozwa na chekechea.) Asanteni, nimewasikia. Kyumbuni mbele! (Watu wanaangalia mbele. Kuna moshi.)

Nimalizie kwa shukrani, maana mimi sikulelewa kusahau watu. Nalishukuru kanisa kwa hema. Namshukuru Bi. Shufaa kwa rangi nyeupe, na nawaomba msiiguse, ilipakwa leo asubuhi. Namshukuru fundi Kasyoka aliyekifunga kile kimfuniko. Na kwa namna ya pekee kabisa namshukuru Mzee Kilonzo, simama mzee wakuone, aliyetuazima huu mzinga. Tulimwendea jana tukiwa tumekwama, tukaukuta umekaa bure pale kwake nyuma ya jaa, maana nyuki wake wote walihama mwezi wa Februari, moshi ulipowashinda. (Hakuna anayecheka. Mzee Kilonzo amesimama, kofia mkononi.) Mzee hata hakutuuliza maswali. Yeye hana nyuki, sisi hatuna mashine, tukasaidiana. Asanteni sana.