Mahafali ya Mbwa

Asali alikuwa ameshakula vitafunwa vitatu kabla shangazi yake hajamwambia kuwa ni vya mbwa.

"Ungeuliza," shangazi alisema, akigeuza trei. "Ni vya huyo kizee chini ya meza. Meno yamemwisha."

Asali alitafakari kidogo kama inampasa kutapika, akaona si lazima, akachukua cha nne. Vilikuwa vitamu: maini yaliyosagwa, viazi vitamu, yai na unga kiasi, vimeokwa kwa moto mdogo hadi vikashikana bila kukauka. Mtu huyu, na tumwambie msomaji mapema asije akampenda bure, aliitwa Asali kwa ajili ya mdomo wake. Aliwahi kumpangisha mtu nyumba isiyo yake, na mpangaji akamshukuru. Jua liwake, mvua inyeshe, alivaa koti refu lenye mifuko mingi.

Hapo mlango wa jikoni ukasukumwa na mbwa wa jirani, mwenye duka la vipuri vya magari. Lilikuwa dume ambalo msoma mita za maji alilikimbia hadi juu ya ukuta, akashinda huko. Shangazi akalionyesha kipande kimoja.

"Kaa."

Dume likakaa, macho yamelegea kama ya bwana harusi. Asali akaacha kutafuna.

"Shangazi, mlango wa oveni hii utaufunga kwa waya mpaka lini?"

"Mpaka Mungu apende."

"Basi amependa. Wewe oka, mimi niuze elimu. Tunagawana nusu kwa nusu, na oveni mpya juu."

Shangazi alikuwa amemlea huyu tangu naye hana meno, na hakuwa na imani naye hata ya kumtuma chumvi. Lakini oveni aliitaka, aliitaka sana. Akawasha moto.

Siku chache baadaye mtaa ulikuwa na chuo. Asali alisimama katika ua wa duka la vipuri, vidole vyake vimeficha punje ya kile kitu laini, akasema "Kaa," na dume likakaa. Siri yote ilikuwa kwenye ulaini. Biskuti kavu hulia mdomoni, na hata mjinga angesikia. Hiki kilimezwa kimyakimya, na watu waliona mkono mtupu unaotiiwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Asali alitegemea kwamba wateja wake hawakuwasikiliza wahenga.

"Anaweza kumtambua mdaiwa?" mwenye duka aliuliza. Naye hakutaka mbwa mwenye adabu, alitaka mbwa wa kumdai mtu deni.

"Kwa harufu, bosi. Ila hiyo ni kozi ya juu, ada yake peke yake."

Mama wa saluni alileta kijimbwa cheupe. Alitaka kisimame kwa miguu miwili wateja wakiingia, apate sababu ya kupandisha bei. Wengine wakafuata, kila mmoja na tamaa yake na kamba yake. Asali akapokea wote. Kisha akatangaza mahafali, na ada ya mahafali, na ada ya vyeti.

"Vyeti vya mbwa?" mama wa saluni aliuliza.

"Mama, utawaambiaje watu kwamba amesoma?"

Akatoa pesa siku hiyo hiyo. Asali aliwaambia wote kuwa fedha hizo zimeshafika kwa mchapaji. Kwa kweli zilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti, na koti lilikuwa na safari. Basi la mji wa mbali lingeondoka saa sita mchana, siku ya mahafali. Shangazi hakuwamo katika safari hiyo, wala nusu yake.

Asubuhi ile alimkuta shangazi ndiyo kwanza anatoa trei.

"Subiri vipoe," shangazi alisema. "Vikiwa vya moto havijashikana. Halafu nibadili kanga tuongozane, nami nione mahafali."

"Tangulia kubadili, shangazi."

Shangazi alipoingia chumbani, Asali alizoa trei nzima, akajaza mifuko ya koti, akatoka. Vilimchoma mbavu njia nzima, akavumilia, maana mtu mwenye malengo huvumilia.

Mahafali yalifana. Mbwa walikaa, wakasimama, wakalala. Mwishowe Asali, utamu wa maneno ukamzidi, akainua mkono.

"Wafungueni minyororo. Msomi hafungwi."

Watu wakapiga makofi, wakafungua.

"Sasa nafuata vyeti," akasema, akapotelea kona ya kwanza kwa mwendo wa heshima.

Kona ya pili alihisi unyevunyevu pajani. Akatia mkono mfukoni, ukatoka umejaa uji wa maini. Vilikuwa vimeyeyuka, vimepenya kwenye bitana, vinadondoka nyuma yake kidogokidogo. Akageuka. Chuo kizima kilikuwa kinamfuata, dume mbele, kijimbwa nyuma kwa miguu miwili.

Asali alikimbia. Njiani hata mbwa wasiolipa ada walijiunga. Alifika stendi injini ya basi inanguruma, akashika mlango, na dume likashika pindo la koti.

Kondakta akatazama nyuma yake. "Hao nao wana tiketi?"

"Kaa!" Asali akalia, kwa kukosa neno jingine.

Wote wakakaa. Walimzunguka, mikia inafagia lami, macho kwake, na hakuna aliyempa hata upenyo wa mguu. Abiria wakashangilia madirishani. Basi likaondoka.

Wenye mbwa wakafika wanahema. Mwenye duka alikuwa na spana mkononi. Aliangalia duara lile la utiifu, akaishusha.

"Mwalimu, nisamehe. Nilidhani wewe tapeli. Kumbe hata bila kamba?" Machozi yalimlengalenga. "Huondoki mji huu. Chumba kipo uani kwangu, karibu na banda. Utafundisha kila asubuhi."

"Na ada tulishalipa," mama wa saluni akakumbusha.

Ndipo shangazi alipojipenyeza kati ya mbwa, kanga mpya begani. Akampapasa koti, mkono wake ukatulia kwenye mfuko wa ndani.

"Mwanangu, koti limeharibika. Vua nikufulie."

"Hapana, shangazi, nitalifua mwenyewe."

"Mpe," mwenye duka alisema. "Unanuka, Mwalimu. Au kuna kitu mfukoni?"

Asali alifungua ule mdomo wake. Pesa ziko kwa mchapaji, alikwishawaambia. Akaufunga, akavua koti polepole. Shangazi akalikunja kwapani, akaenda zake bila haraka.

Wiki iliyofuata lilirudi uani, limefuliwa, limepigwa pasi, mfuko wa ndani mtupu. Shangazi alilileta mwenyewe, pamoja na bakuli lililofunikwa.

"Oveni mpya haiunguzi kabisa," alisema. "Chukua vya darasani. Hivi vimepoa."