Jina Juu ya Jina Kwenye Kombe

Alhamisi, 12 Machi

Robo fainali za tenisi ya wanawake zimekwisha. Mashoto, yule dada wa mkono wa kushoto, kampiga bingwa mtetezi 6-3, 6-1. Nilisema tangu Jumatatu! Hakuna aliyesikia, lakini nilisema.

Mwenyekiti wa mashindano kaniita. Jina la mshindi lichongwe kwenye kombe ndani ya dakika tano, kabla hajakabidhiwa. Mwaka jana nilichukua nusu saa, mgeni rasmi akasinzia. Nikichelewa tena, kazi anapewa shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ana mashine ya umeme. Mimi nina patasi ya marehemu baba, aliyechonga majina kwenye kombe hili miaka ishirini.

Ijumaa, 13 Machi

Nusu fainali: Mashoto 7-5, 6-4. Upande wa pili, yule dada tunayemwita Mrefu kapita 6-0, 6-2, mpinzani wake katoka analia. Nimempa leso yangu. Haikuwa safi sana.

Shemeji kapita karakana. Kauliza, eti shemeji, macho bado yanaona? Nimecheka. Moyoni nimemzika.

Nina hila. Nitachonga mapema. Nani atajua?

Jumamosi, 14 Machi

Fainali. Niko chini ya jukwaa, kombe mapajani, jicho kwenye ubao wa matokeo. Mashoto 6-2, 5-1. Nikachonga! Herufi za kifalme. Nikapuliza vumbi, nikatazama ubao. 5-4. 5-5. Seti kachukua Mrefu, 7-5. Mungu wangu!

Seti ya tatu, Mrefu 5-2. Nikasugua jina kwa msasa mpaka fedha ikaonyesha shaba, ila alama za herufi zikabaki. Nikachonga Mrefu. 5-4. 5-5. Nikamsihi Mrefu kwa sauti, dada yangu, gemu mbili tu! Mashoto kashinda, 7-5.

Msasa umekwisha. Mwenyekiti mlangoni anauliza, tayari? Nikasema tayari, mama.

Mashoto kasoma kombe. Kasoma tena. Kapapasa kwa kidole, kalikuta jina lake chini ya lile jingine. Kauliza nani kachonga. Shemeji kaninyooshea kidole kabla sijakimbia. Mashoto kaniambia, kumbe ulinijua tangu mwanzo, sasa uliacha kuniamini saa ngapi? Nikajibu, saa kumi na robo, dada. Kacheka mpaka kashika wavu. Mwenyekiti hakucheka.

Jumapili, 15 Machi

Mashoto kaniombea msamaha kwa mwenyekiti. Nafasi ya mwisho: nibandike kibao cha fedha juu ya ile aibu, kombe lirudi kesho asubuhi. Nikikosea, shemeji.

Nimemaliza! Jina, mwaka, safi kabisa. Chini pakabaki nafasi. Na Mashoto kaapa redioni kwamba hata mwakani kombe ni lake. Yule si mtu wa kubadili kauli.

Nimemchongea na jina la mwakani.